Maji ya Ndege

Injini yenyewe ni ndogo kuliko ngumi ya mtoto. Silinda yake ina ujazo wa mililita 2.5 tu, nusu kijiko cha chai, na iliingia nyumbani kwetu ndani ya kopo la majani ya chai. Dereva mmoja wa lori la Kigali aliikuta kwenye mitumba akamletea Baba Kulwa, maana anajua mume wangu ni fundi wa malori hapa Isaka na chuma chochote chenye pistoni hakimpiti. Aliiosha kwa mafuta ya taa, akaizungusha kwa kidole, ikakaza kisha ikaachia. Pacha wetu, Kulwa na Doto, walikuwa wamesimama nyuma yake wamebana pumzi. Kuanzia jioni ile kila kitu cha nyumba hii kikawa cha ndege ndogo ya kubeba injini ile.

Isaka ni mji wa kupita. Reli ya Tabora kwenda Mwanza ilikamilika mwaka 1928, baadaye ikaja bandari kavu, na sasa makontena yanashushwa kwenye mabehewa na kupakiwa kwenye malori ya Rwanda, Burundi na Kongo. Mtoto wa hapa anatambua lori kwa mlio kabla hajaliona. Hamu ya ndege Doto aliipata kwa mjomba wake, mvuvi wa Ukerewe, aliyemsimulia ile ndege isiyo na rubani iliyopeleka dawa kisiwani mwaka 2018. Ilikuwa ya kampuni ya Wingcopter ya Ujerumani, ikavuka kilomita 60 kwa dakika kama 40, na chini yake ni maji matupu.

Wenzetu wa nchi nyingine huunda ndege hizi ndogo kwa mti wa balsa, unaotoka zaidi Ecuador. Sisi tuna mkonge. Usukumani mkonge ndio ua wa boma na mpaka wa shamba, na ukishatoa maua unaacha mlingoti mrefu ambao ukikauka unaubeba kwa vidole viwili. Watoto waliikata milingoti mitatu, wakaianika juu ya bati wiki tatu, wakachonga mbavu za bawa kwa wembe. Karatasi laini ya kufunika waliibandika kwa gundi ya mbao. Bawa lilipokamilika Baba Kulwa aliniita nije nione kipimo kinachoamua kama ndege itaruka au itaanguka. Aliiweka juu ya ncha za vidole vyake viwili, kimoja kila upande, karibu na robo ya upana wa bawa kutoka mbele. Ilitakiwa itulie, pua ikiinama kidogo sana. Ikainama nyuma. Akabandika vipande vya risasi puani, akajaribu tena, akapunguza kimoja. Usiku ule mwanamume anayefungua gia za malori ya tani thelathini alihesabu gramu mpaka ugali ukapoa. Nilimpenda kwa hilo, na ninaliandika hapa alisome.

Tatizo likawa mafuta. Injini hizi haziendi kwa petroli. Zinataka methanoli, spiriti ya viwandani, kwa sababu kwenye plagi yake kuna kijiwaya cha platinamu kilichosokotwa kama chemchemi. Unakiwasha kwa betri ndogo mpaka kiwe chekundu. Injini ikishashika unaondoa betri, na kijiwaya kinaendelea kuwaka chenyewe, kwa kuwa methanoli ikigusa platinamu ya moto inazidi kuipasha. Baba Kulwa aliipata kwenye duka la kemikali Mwanza, lita tano. Akachanganya na oili ya malori, ambayo hapa Isaka haikosekani. Asubuhi tukakuta oili imekaa upande wake na methanoli upande wake kama watu waliogombana. Ukiwasha hivyo, pistoni inasagika ikiwa kavu. Oili inayokubali kuyeyuka ndani ya methanoli ni ya mbarika, na mchanganyiko wa zamani wa mashindano ni methanoli sehemu 80 na mbarika sehemu 20.

Mbarika! Mama mkwe wangu amekamua mafuta ya mbarika maisha yake yote: anakaanga mbegu, anatwanga, anachemsha, anaengua. Tukampigia simu Malampaka, akasema anakuja mwenyewe.

Treni ilichelewa. Bibi alishuka saa nane mchana na chupa mbili za mafuta zilizofungwa kwenye kanga, midomo imekauka kwa vumbi la safari. Kulwa alimpokea mzigo, akamketisha barazani, akakimbia ndani kumletea maji. Juu ya meza ya jikoni kulikuwa na chupa ya maji ya dukani. Baba Kulwa alikuwa ameimiminia methanoli asubuhi ili apime. Mimi ndiye niliyeikuta chini karibu na jiko nikaiinua mezani, nikidhani ni maji, nikaona nimepanga nyumba. Methanoli ni nyeupe kama maji, na inamiminika kama maji.

Bibi aliinua kikombe, akakigusisha mdomoni, akasita.

"Mjukuu wangu," akasema, "mbona maji yenu yananuka kama gongo?"

Baba Kulwa alikuwa uani. Sijawahi kumwona akikimbia vile. Alikipiga kile kikombe kikaruka mpaka kwenye ua, akamshika mama yake mabega, akawa anauliza neno moja tu: "Umemeza? Umemeza?" Bibi hakujua. Labda kidogo, labda ni ulimi tu.

Tulimkimbiza kituo cha afya. Muuguzi wa huko hakutugombeza. Alituambia tumefanya vizuri kutongoja dalili, kwa sababu sumu hii haina haraka. Mwili ndio unaoigeuza kuwa asidi, ile iliyo kwenye sumu ya baadhi ya sisimizi, nayo inaushambulia mshipa wa macho. Inaweza kuchukua saa kumi na mbili, hata siku nzima, mtu yuko mzima anazungumza, kisha anasema taa zimefifia. Alitaka Bibi abaki chini ya uangalizi mpaka kesho yake.

Ule usiku sitausahau. Kila saa muuguzi alikuja kumpima, na kila saa Baba Kulwa aliinua vidole mbele ya mama yake na kumuuliza ni vingapi. Vitatu. Viwili. Vinne. Saa nane za usiku Bibi alichoka akamwambia, "Mwanangu, vidole vyako navijua tangu vikiwa laini, niache nilale." Baba Kulwa akatoka nje, akalia akiwa ameegemea ukuta. Kulwa alikuwa amekaa chini amekunja magoti, hasemi. Mtoto wa miaka kumi na tano alikuwa akiamini kwamba amemuua bibi yake kwa heshima. Nilimshika mkono mpaka kulipopambazuka.

Asubuhi treni ya mizigo ilikuwa ikiingia kutoka Tabora. Bibi aliketi kitandani, akatazama dirishani, akaanza kuhesabu mabehewa kwa sauti. Aliyahesabu yote ishirini na moja, na Kulwa akayahesabu pamoja naye.

Nilirudi nyumbani nimeamua kuichoma ile ndege. Niliibeba mpaka uani. Bibi akanizuia. "Ndege haikunipa sumu," alisema. "Sumu ilitoka kwenye chupa ya maji. Chupa ndiyo ichomwe." Kisha akaomba sufuria, akayachemsha upya mafuta yake mpaka yakaacha kutoa mapovu, ili lisibaki hata tone la maji la kuharibu injini.

Imesharuka. Rimoti bado imo kwenye boksi, kwa kuwa kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) tunakifuatilia na Baba Kulwa hataki mambo ya kuvizia. Kwa sasa inazunguka ikiwa imefungwa nyuzi mbili za chuma, kwenye jaruba lililovunwa mpunga. Doto anashika mpini katikati, anavuta uzi mmoja inapanda, anavuta mwingine inashuka. Ndoo ya maji iko pembeni daima. Moto wa methanoli hauonekani juani, lakini maji yanauzima. Moshi wake unanuka mbarika, na Bibi akiwepo huvuta pumzi ndefu akacheka.

Methanoli sasa inakaa kwenye kopo jekundu lililoandikwa SUMU, ndani ya sanduku la chuma nje ya nyumba, na ufunguo naushika mimi. Nawe unayesoma, kama kwako kuna spiriti, petroli au dawa ya pamba iliyomiminwa kwenye chupa ya maji, weka gazeti hili chini uende ukaitoe sasa hivi.