Jinsi ya Kuiga Fuwele Inayokua Bila Kuisumbua Fizikia

Umeombwa programu ya kuiga difraksheni ya elektroni wakati utando wa fuwele unakua, papo kwa papo, sambamba na chemba ya ombwe inamokuzwa. Usitoke jasho.

Kwanza jua unachokikwepa. Ndani ya ombwe, bunduki hufyatua elektroni za kiloelektronivolti 10 hadi 30, zikiparaza uso wa fuwele kwa pembe ya nyuzi 1 hadi 3, kisha huchora madoa na michirizi kwenye kioo kinachong'aa. Kodolea doa la kati. Tabaka la atomi likifika nusu, uso huwa umejaa vichuguu na doa hufifia. Likijaa, doa hung'aa tena. Kwa galiamu asenidi, kung'aa na kufifia mara moja ni tabaka moja, nanomita 0.28 hivi.

Basi chukua wimbi la saini, lizidishe kwa namba inayopungua, umemaliza. Wakiuliza kwa nini linapungua, jibu "ukwaru" na unywe maji taratibu. (Ukweli ni kwamba tabaka la juu huanza kabla la chini halijajaa, lakini nani kakuuliza?) Juu ya picha nyunyiza chenga kama za televisheni ya zamani. Bila chenga hakuna atakayeamini kuna kamera.

Wakikubana, tupa kete za Monte Carlo: kila atomi iruke kwenye gridi kulingana na joto na idadi ya majirani zake. Ubaya ni kwamba kwenye joto la nyuzi 580 za Selsiasi atomi hazitulii, na kompyuta itaanza kuunguruma kama mashine ya kusaga. Punguza gridi iwe 50 kwa 50. Atomi ikidondoka ukingo wa kulia, irudishe kushoto. Hakuna atakayeiulizia nauli.

Linabaki lile la elektroni kudunda mara nyingi ndani ya fuwele kabla ya kutoka. Hesabu yake inakula muda, kwa hiyo wewe amua kwamba kila elektroni inadunda mara moja tu. Funika kombe mwanaharamu apite. Tatizo ni dogo: kwenye chemba, ukibadilisha pembe kidogo, vilele vya wimbi husogea, kwako havitikisiki. Mimi nilinaswa hapohapo, mgeni alipoinamia skrini na kuigusa pembe, chai yake haijapoa.

Kitufe cha pembe kiondoe.