Jinsi ya Kununua Mbuzi ya Nazi Bila Kuona Haya

Ukienda sokoni kununua mbuzi ya nazi, vaa nguo unayoweza kukaa nayo chini bila wasiwasi. Kifaa hiki hakichaguliwi kwa macho. Ifungue, iweke chini pale pale njiani, kisha ikalie. Watu watageuka kukutazama, na muuzaji huenda akacheka. Mwache acheke. Atakayeikalia Ramadhani nzima, futari baada ya futari, ni wewe.

Ukishakaa usiinuke upesi. Mbuzi ni mbao mbili tu: moja imepenya kwenye tundu la mwenzake, zikapishana kama mkasi. Kadiri unavyoikalia ndivyo miguu inavyojikita, kwa kuwa uzito wako ndio unaoyakaza maungio. Jipinde kushoto, kulia, kisha inama mbele kama unayekuna kwa haraka, wali unangoja tui. Ikiyumba, muuzaji atakuambia sakafu ndiyo mbovu. Hamia sakafu nyingine, ukae tena.

Sasa njoo kwenye chuma cha kukunia, na hapa usikubali kuharakishwa na mtu. Meno yapangwe kwenye ncha ya mviringo, kwa sababu ndani ya kifuu ni mviringo vilevile. Chuma kikiwa kipana mno hakifiki chini, na nyama ya nazi inabaki humo. Kikiwa chembamba mno kinachimba mitaro. Kwa hiyo beba nusu nazi kutoka nyumbani. Ndiyo, sokoni. Beba na sinia pia, ulisukume chini ya chuma uone kama linaingia bila kugonga miguu ya mbuzi. Kuna mbuzi zilizochongwa chini kiasi kwamba sinia halipati nafasi, na aliyezichonga, naamini, hajawahi kukuna nazi hata ya mboga.

Ikune nazi mara tatu nne, taratibu. Nazi iliyokunwa vizuri huanguka nyeupe, nyepesi, moja kwa moja kwenye sinia, bila kukurukia magotini. Ukikaribia kifuu, mkono utahisi ugumu na sauti itabadilika. Geuza nazi hapo hapo, kabla hujafika kwenye ngozi ya kahawia inayotia tui weusi. Chuma kizuri kinakupa habari hiyo mapema. Kibaya kinakuna kila kitu, kifuu na vyote.

Wakati unakuna, tazama mikono yako, maana hapa ndipo ninapomvulia kofia aliyebuni kifaa hiki, ingawa hakuna anayemjua. Yote miwili inashika nazi. Kikwaruzo cha bati cha karoti kinataka mkono mmoja ukishike, na vidole vya mkono wa pili ndivyo vinavyolipa. Mbuzi inashikwa na makalio. Chuma kinatulia, nazi ndiyo inayozunguka, na mtu anaweza kukuna huku anazungumza na jirani aliye mlangoni. Watu wa Kerala, Sri Lanka na Thailand nao hukuna nazi kwa kukalia, na Thailand wengine huchonga kiti chenyewe kwa umbo la sungura. Mashine za sokoni ni za haraka, sizigombi, ila zinangoja umeme.

Mwisho, ikunje. Ilale bapa kabisa, uweze kuitundika ukutani kwenye jiko ambalo hata kuku hana pa kugeukia. Isipolala, ukubwa wake utakuudhi kila siku, na siku moja utaigawa. Itundike meno yakitazama ukuta, juu ya kimo cha watoto, na usiioshe jioni ukaiacha na maji: kausha chuma kwa kitambaa kabla hujaila futari yako.

Ukiridhika, lipa bila kubishana sana, kisha muulize muuzaji fundi wake anapatikana wapi. Mfuate, mwagize stuli.