Stelingi Yupi?

Mwaka 1960 Alfred Hitchcock aliamuru kwamba Psycho ikishaanza, asiingie mtu ukumbini. Angejaribu hayo kwenye kibanda cha video cha Gudele, Juba, angebaki na jenereta lake na mabenchi matupu. Huku filamu huanza mara tatu: inapoanza yenyewe, vijana wa bodaboda wanapoegesha, na umeme unaporudi.

Kyle Cooper alipobuni majina ya mwanzo ya Se7en, 1995, aliweka wembe, ncha za vidole na kurasa zinazoshonwa kwa sindano, hofu imwingie mtazamaji mapema. Kazi ya bure. Rimoti anayo mwenye kibanda, na petroli ya Juba haichomwi kwa kuonyesha majina ya watu. Anasogeza mbele mpaka bunduki ilie, kisha anarudisha nyuma, maana kuna mzee ameuliza stelingi ni yupi.

Wajuzi wa soko wanasema filamu ya kusisimua ina walengwa wake, umri huu na kipato hiki. Kibandani mlengwa ni mwenye kiingilio. Benchi la mbele wamejaa watoto wa sare, na kadibodi ya "miaka 18" inapepea mkaa wa mama chai.

Watengeneza filamu Waganda wa Wakaliga waliyaelewa haya zamani. Katika Who Killed Captain Alex?, ya 2010, msimulizi VJ Emmie anachonga tangu mwanzo, anashangilia, anatania, anaahidi mapigano. Na muuaji wa Kapteni Alex? Filamu inakwisha hajatajwa, na sijasikia aliyedai kurudishiwa hela.