Waraka kwa Ukoo wa Nyarugusu Kuhusu Dhahabu ya Maji Chumvi

Waraka huu umeandikwa kwa ajili ya wazee, mashangazi, wajomba na mashemeji wa Nyarugusu na Rwamgasa mkoani Geita, na wa Kahama na Shinyanga mjini, ambao kikao chao cha ukoo, kwa mujibu wa taarifa zilizofika Uingereza kupitia ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kimeazimia kwamba ng'ombe kadhaa wauzwe ili inunuliwe mashine ya kutafutia dhahabu ufukweni, ya aina ileile ambayo kijana wa ukoo huo anayeishi Bournemouth alionekana ameishika pichani, mkono mmoja ukiwa na koleo na mwingine ukiwa na pete. Kwa kuwa picha haina sauti, wajumbe hawakuweza kusikia kelele ambazo mashine hiyo hupiga kabla ya kupatikana pete moja, wala hawakuonyeshwa mfuko wa takataka uliowekwa nyuma ya mpiga picha. Na kwa kuwa ng'ombe akishauzwa mnadani harudishwi kwa hoja, imeonekana ni busara maelezo yautangulie mnada.

Ifahamike kwanza kwamba dhahabu ya Bournemouth haikuzaliwa katika ardhi ya Bournemouth. Dhahabu ya Geita imo katika ukanda ambao wanajiolojia huuita ukanda wa miamba ya kijani wa Sukumaland, yaani miamba ya kale ya volkano na mashapo yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ambamo maji ya moto yaliyopita katika nyufa yaliiacha dhahabu pamoja na mawe ya kwatzi, ilhali dhahabu ya fukwe za kusini mwa Uingereza huletwa pale na vidole vya watu. Muogaji hujipaka mafuta ya kujikinga na jua, ambayo huteleza, kisha huingia katika maji ya baridi, ambayo husinyaza kidole, na pete iliyovishwa kanisani mbele ya mashahidi hutoka yenyewe bila shahidi hata mmoja. Kwa hiyo mwamba mama wa dhahabu hiyo ni ndoa, na msimu wake wa mavuno ni Julai na Agosti. Si kwamba dhahabu ya asili haipatikani ufukweni popote duniani, kwani huko Nome, Alaska, mwaka 1899, watu waliichota kutoka mchanga wa bahari kwa mabeseni na masanduku ya kuchekechea, wakaja maelfu kwa maelfu katika rashi ambayo mzee yeyote wa Nyarugusu angeielewa bila mkalimani. Bournemouth, hata hivyo, si Nome.

Jambo la pili ni gumu zaidi kukubalika kikaoni, nalo ni kwamba hakuna mashine inayoijua dhahabu. Detekta, yaani kifaa cha kutambua metali, ina sahani yenye koili ya waya ndani yake, ambayo hupitishwa juu ya ardhi huku ikitoa uga wa sumaku unaobadilika-badilika. Uga huo ukikutana na kitu kinachopitisha umeme, huzalisha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo nayo hutoa uga wake wenyewe ambao koili huunasa na kuugeuza kuwa mlio katika spika za masikioni. Kinachosikika, basi, ni uwezo wa kitu kupitisha umeme pamoja na ukubwa, umbo na kina chake, wala si jina wala bei yake. Katika hili mashine imemzidi mganga kwa unyofu, kwa sababu mganga hutaja dhahabu kwa jina na kudai kuku mweusi, ilhali mashine hudai betri tu na kusema kwamba hapo chini pana kitu.

Hapa ndipo ardhi ya Geita na mchanga wa bahari vinapoachana njia, na ndipo fedha nyingi za wanaukoo wa mahali pengi zilipopotelea. Kelele ya ardhi ya Geita hutokana na chuma, kwa kuwa sehemu kubwa ya dhahabu ya mlima wa Geita imo katika miamba yenye matabaka ya madini ya chuma, na udongo mwekundu wa juu nao umejaa chuma kilichooza kwa mvua za karne nyingi. Chuma hicho kina tabia ya sumaku, na ndiyo sababu wachimbaji wanaoweza kumudu huthamini mashine kama GPZ 7000 ya kampuni ya Minelab ya Australia, iliyoingia sokoni mwaka 2015, yenye uzito wa zaidi ya kilo 3 na bei ya maelfu ya dola, ambayo iliundwa mahususi ili isibabaishwe na ardhi ya namna hiyo. Kelele ya ufukweni ni ya ukoo mwingine kabisa. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi iliyoyeyuka, na maji ya chumvi hupitisha umeme, hivyo kwa sikio la mashine mchanga uliolowa ni bamba moja pana la metali dhaifu lililotandazwa kutoka mguuni mwa mtafutaji hadi Ufaransa.

Tatizo hilo huwa baya zaidi kadiri mashine inavyokuwa hodari wa dhahabu ndogo. Gold Monster 1000, inayotoka katika kampuni hiyohiyo na inayofanya kazi kwa masafa ya mizunguko 45,000 kwa sekunde, ni kifaa stahiki cha kusaka punje ndogo katika ardhi kavu, kwa maana masafa ya juu huziamsha punje ambazo masafa ya chini huzipita. Lakini chumvi nayo huamshwa na masafa hayohayo, na mwenye kuipeleka mashine hiyo kwenye mchanga uliolowa maji ya bahari ataisikia ikilia mfululizo kama ving'ora vya msafara wa waziri, mpaka apunguze usikivu wake kiasi cha kuifanya ipite juu ya pete bila salamu. Ndiyo kusema kwamba mashine ya gharama kubwa inayoheshimika Rwamgasa yaweza kushindwa kazi Bournemouth na kifaa cha bei ndogo kilichotengenezwa kwa ajili ya bahari. Na kinyume chake ni kweli vilevile, jambo ambalo mjomba aliyependekeza mashine ya pichani iletwe Geita anapaswa kulitafakari upya.

Mafundi wamelishinda tatizo la chumvi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya mpigo: mashine hupiga mshtuko mfupi wa umeme katika koili, huukata ghafla, kisha hungoja kidogo kabla ya kusikiliza, na kwa kuwa mikondo iliyoamshwa katika maji ya chumvi hufa haraka mno, ndani ya mikrosekunde chache tu, yaani sehemu chache kati ya milioni moja za sekunde, mashine inapofungua sikio lake chumvi imekwisha kunyamaza huku pete ikiwa bado inavuma. Garrett ya Texas hutengeneza mashine ya namna hiyo iitwayo Sea Hunter Mark II, ambayo huzamishwa hadi mita 60 hivi chini ya maji. Ubora wake ni kina na utulivu. Kasoro yake ni kwamba mikondo ya mkufu mwembamba wa dhahabu nayo hufa haraka, kwa hiyo mkufu huzikwa katika ukimya uleule wa chumvi. Tena mashine za mpigo kwa kawaida hazitofautishi vizuri chuma na dhahabu, na mwenye nayo huchimba kila msumari ulioachwa na kila mjenzi wa gati tangu enzi za Malkia Victoria.

Njia ya pili ni ya masafa mengi kwa pamoja, ambapo mashine hutuma mawimbi ya kasi mbalimbali kwa wakati mmoja, hulinganisha majibu yake, na kwa kuwa chumvi huyajibu masafa hayo kwa namna tofauti na metali, huiondoa chumvi katika hesabu na kubakiza kilichosalia. Minelab Equinox, iliyoanza kuuzwa mwaka 2018, ilizifanya mashine za namna hii ziweze kununuliwa na mtu wa mshahara wa kawaida, na Deus II ya kampuni ya XP ya Ufaransa hufuata msingi huohuo. Kwa mtafutaji wa ufukweni asiyezamia, anayetaka mashine moja na si ghala, waraka huu unaegemea upande wa masafa mengi bila kusitasita.

Uamuzi huo hauliondoi fumbo la makopo. Mashine za masafa mengi huweza kubagua, yaani kunyamazia vitu ambavyo mwenye mashine ameagiza vinyamaziwe, na huo ndio ubaguzi pekee ambao Mwafrika wa ughaibuni huununua kwa fedha yake mwenyewe. Lakini pete ndogo ya dhahabu na kipete cha alumini cha kufungulia kopo la bia hutoa majibu yanayokaribiana mno, na pete nyembamba huingia katika kundi la vipande vya karatasi ya alumini ya kufungia sandwichi, kwa hiyo mtu akiagiza takataka hizo zinyamaziwe, amezinyamazisha na pete. Hali huzidishwa na desturi ya Waingereza ya kuvaa dhahabu ya karati 9, yaani mchanganyiko ambao dhahabu ndani yake ni asilimia 37.5 tu na zinazobaki ni metali nyingine, na mchanganyiko hupitisha umeme vibaya kuliko dhahabu tupu. Mnunuzi wa Soko la Madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, angeipima pete hiyo, akamtazama aliyeileta, akamuuliza kama amekuja kuuza dhahabu au shaba. Muhuri wake wa ubora nao una kichekesho chake, kwa kuwa pete iliyopimwa Birmingham hugongwa alama ya nanga, ingawa mji huo upo katikati ya nchi na hauna bahari. Kijana wa ukoo alipoiona nanga hiyo aliamini kwa saa nzima kwamba ameokota mali ya meli.

Kuhusu mahali pa kutafuta, uzoefu wa mwalo wa kuoshea dhahabu haupotei bure. Dhahabu tupu ina uzito mara 19.3 ya maji, na hata ya karati 9 ni nzito kuliko mchanga, hivyo hushuka kila wimbi linapoutikisa mchanga mpaka ikutane na tabaka la udongo mgumu au kokoto, kama inavyoshuka na kunaswa katika zulia la mwalo. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kwa kuonekana, kwa hiyo yafaa ielezwe kwamba bahari hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na kwamba wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, hushuka zaidi na kufunua mchanga ambao siku nyingine haufikiki. Huko Weston-super-Mare, katika mlango wa mto Severn, tofauti ya kujaa na kupwa ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani, na maji yakirudi hayamngoji mtu anayefukua kipete cha kopo. Baada ya dhoruba, bahari inapokuwa imekula mchanga wa juu, ndipo wazoefu hutoka.

Swali la mali ya nani lisipuuzwe, maana kikao kimekwisha kuigawa pete ya pichani kwa mafungu. Tanzania madini ni mali ya Taifa, mchimbaji mdogo huhitaji leseni, na anayeuza sokoni hulipa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Uingereza karibu nusu ya ufukwe unaofunikwa na kufunuliwa na maji husimamiwa na Crown Estate, taasisi ya mali za Ufalme, ambayo huruhusu utafutaji wa kujifurahisha kwa masharti. Lakini kitu kilichotoka katika meli iliyozama lazima kiripotiwe serikalini ndani ya siku 28, kitu cha dhahabu chenye zaidi ya miaka 300 kwa kawaida huhesabiwa hazina chini ya sheria ya mwaka 1996, na anayejiwekea kitu ambacho mwenyewe angeweza kupatikana kwa juhudi za kawaida hujiweka karibu na kosa la wizi. Pete ya pichani ilikuwa na majina mawili na tarehe ya harusi upande wa ndani. Imerudishwa kwa wenyewe, nao walishukuru kwa chai na biskuti mbili, ambazo hazigawanyiki kwa mafungu.

Baba mdogo wa Kahama ameuliza kama bahari yenyewe haiwezi kuchenjuliwa, kwa kuwa amesikia maji yake yana dhahabu. Yanayo, kiasi cha gramu 1 katika tani milioni 100 za maji. Mkemia Fritz Haber wa Ujerumani, mshindi wa tuzo ya Nobel, alijaribu jambo hilo miaka ya 1920 ili nchi yake ilipe madeni ya vita, akaacha alipogundua kwamba dhahabu iliyomo ni kidogo mno kuliko alivyohesabu. Shangazi naye amependekeza Kilwa, penye sarafu za masultani wa zamani, na ni kweli kwamba mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota ufukweni, katika visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi hiyo, sarafu tisa ambazo tano kati yake zilitambuliwa kuwa za Kilwa. Lakini zilikuwa za shaba, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hailindi magofu tu, hulinda na vitu vya kale vilivyomo ardhini, kwa hiyo mwenye detekta abaki mbali na Kilwa.

Endapo ukoo bado unataka kununua, basi mashine ichaguliwe kwa udongo itakakotumika: kwa Nyarugusu iwe ya ardhi yenye chuma, kwa mwambao wa Ziwa Victoria, ambao maji yake ni baridi, uwezo wa kuishinda chumvi usilipiwe hata senti, na kwa Kigamboni, ambako Fungoni pana mchanga wenye madini mazito meusi pamoja na chumvi ya bahari, iwe ya mpigo au ya masafa mengi. Shemeji anayetaka kununua GPZ iliyotumika kutoka kwa mtu aliyekutana naye stendi azingatie kwamba mashine bandia zenye nembo ya Minelab zimeuzwa kwa wingi Afrika, na asilipe kabla ya kuzika hereni ya shangazi katika udongo mwekundu, kwa kina cha shubiri moja, na kumtaka muuzaji aitafute mbele ya mashahidi. Mashine ikinyamaza, shemeji achukue jembe, na hereni irudi sikioni kabla mazungumzo ya bei hayajaanza tena.