Jinsi ya Kutoka Gitega na Panga na Kufika Muyinga Ukiwa Huru

Kaka yako wa Muyinga amekuagiza panga la kufyekea migomba. Umelipata soko la Gitega, bei mmeelewana, makali umeyajaribu kwa kidole gumba. Imebaki safari ya kupitia Karuzi, na hapo ndipo wengi huharibu. Fuata hatua hizi.

1. Fahamu kwamba utakayeulizwa ni wewe, si panga. Sheria ya Burundi ya mwaka 2009 kuhusu silaha ndogo na nyepesi, sawa na Itifaki ya Nairobi ya 2004, inahusu bunduki na zana za aina hiyo. Kisu cha jikoni na panga la shamba huuzwa sokoni mchana kweupe. Lakini mtishie mtu nalo, au liende nawe kwenye uporaji, uone kama hakimu atajali kwamba asubuhi lilikata ndizi. Hapo ni silaha.

2. Lifunge. Zungushia makali gunia au karatasi nzito, kisha kaza kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Mpini uache nje, ili anayekagua ajue ni kitu gani bila kufungua. Liweke kwenye mizigo. Usilikalie, usilifiche ndani ya koti. Panga la kwenye gunia ni mzigo. Panga la ndani ya koti ni kesi.

3. Uwe na jibu fupi. "Afande, ni la shamba, nampelekea kaka Muyinga." Inatosha. Usihutubie, usinune, na mizaha ya kukata watu iache kabisa. Hakuna aliyewahi kufika nyumbani mapema kwa mzaha huo.

4. Angalia saa na mahali. Mtu mwenye panga na jembe alfajiri anakwenda kulima, hakuna wa kumshangaa. Mtu huyo huyo akiwa na panga saa tatu usiku mlangoni pa baa, kila mtu atamshangaa, na ana haki. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, majirani waliuana kwa zana hizi hizi za shamba. Walionusurika wapo. Huenda mmoja wao amekaa kiti cha mbele yako ndani ya basi. Kumsitiri asione makali ni utu, hata kama hakuna kifungu kinachokulazimisha.

5. Ukienda kuzungumzia mpaka wa shamba, liache nyumbani. Ardhi yetu ni finyu, watu ni wengi, na wakimbizi waliorejea kutoka makambini Tanzania wamekuta viwanja vyao vina wenyewe wapya. Mkutano wa namna hiyo huanza na hasira tayari. Bashingantahe, wazee wasuluhishi, huja na fimbo ya hukumu, wakasikiliza pande zote mbili, wakaamua. Wewe nenda na mashahidi, na hati kama unazo. Mikono mitupu humpa mzee nafasi ya kukusikiliza.

6. Ukienda mbali zaidi, uliza kwanza. Uingereza hukuruhusu kutembea hadharani na kisu kidogo cha kukunja kisichojifunga, chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani kama sentimita 7.6; kikizidi hapo, uwe na sababu ya maana. Marekani kila jimbo lina sheria yake. Texas, tangu mwaka 2017, mtu mzima anaweza kubeba hata kisu kirefu, ila kikizidi inchi 5.5 hakiingii shuleni, hospitalini wala kwenye nyumba za ibada. Ndugu zetu waliohamishiwa huko kutoka kambi za Tanzania wasidhani kwamba kilichokubalika jimbo moja kitakubalika jimbo jirani.

7. Likabidhi kwa adabu. Ukifika Muyinga, mpe kaka mpini, makali yabaki upande wako. Mwambie alichomeke juu, watoto wasipofikia, na siku ya Idi au harusi jirani atakapoliazima, ampe saa ya kulirudisha.

Nchi yetu imeshalipia makali haya kwa damu nyingi mno. Panga lina kazi shambani na kisu kina kazi jikoni. Kazi ikiisha, virudishwe mahali pake. Tafadhali, anza na la kwako.