Saidia Fundi Wangu Ni Redio

Bisibisi haikuponyoki ukiwa umesimama chini. Itakaa mkononi kwa adabu asubuhi nzima, ikungoje upande mpaka kipandio cha mwisho, kichwa kimeshazama darini, nyaya mbili umezibana kwa meno na ya tatu umeishika kwa mkono wa kushoto. Hapo ndipo inapoteleza, inagonga vipandio vya ngazi kimoja baada ya kingine kama inavihesabu, kisha inajiviringisha hadi uvunguni mwa kabati la vyombo. Zamani ningesema "Lete!" na ingeletwa. Siku hizi nikisema "lete" wanaonisikia ni popo.

Nilikuwa na saidia fundi. Kijana mwepesi, mpole, hodari wa kula. Miaka minne tumezunguka naye Mbagala, Tabata, Kimara mpaka Kigamboni, mimi juu yeye chini, na sikuwahi kujua hasa anafanya kazi gani mpaka siku aliponiaga kwamba amepata bodaboda ya mkataba. Nilimpongeza, nikamwombea heri, huku moyoni napiga hesabu: 15,000 za kila siku, chipsi mayai, soda, nauli ya kwenda na kurudi. Nikaona nimetajirika. Leseni ya EWURA ina jina langu mimi, nikajisemea, haimtaji mshika ngazi.

Kwa asiyejua, nusu ya kazi ya fundi umeme ni kuulizana kwa sauti. Mmoja yuko kwenye boksi la breka karibu na mlango wa mbele, mwingine yuko chumba cha nyuma kabisa ameikodolea macho taa. "Imezima?" "Bado!" "Na hii?" "Bado!" "Hii je?" "Hiyo hiyo!" Ukiwa peke yako unajiuliza mwenyewe, unatembea kwenda kujijibu, halafu unarudi kujiuliza tena. Nyumba yenye breka nane ambazo hakuna aliyeziandika majina itakutembeza kuliko mgambo.

Nilianza kwa kuajiri wenyeji. Katika nyumba moja nilimkuta mtoto wa miaka sita, mchangamfu, nikamkalisha mbele ya feni na kumwambia: feni ikisimama piga kelele "imezima", nitakupa pipi. Nikashusha breka ya kwanza. "Imezima!" Nikaenda kutazama, feni inazunguka. Nikamweleza upya taratibu, nikampa pipi moja ya kumtia moyo. Breka ya pili. "Imezima!" Feni inazunguka, mtoto anatafuna. Alikuwa ameshagundua kwamba pipi inakuja na neno, haiji na feni. Ningekuwa mtu wa kuamini neno la mtu, leo mngekuwa mnasoma tanzia.

Kilichoniokoa ni testa, ile bisibisi ya plastiki yenye kitaa ndani ambayo kila fundi anaichomeka mfuko wa shati kama kalamu ya mwalimu. Nayo nisiipambe sana. Kitaa chake kinawaka kwa sababu umeme mdogo mno unapita ndani yake, unapita mwilini mwako, unaelekea ardhini. Basi ukiwa juu ya ngazi ya mbao kavu, na miguuni una viatu vya soli nene, kinaweza kuwaka kwa uvivu hadi usikione. Na nje kwenye jua la saa saba ndiyo kabisa. Ndiyo maana naijaribu kwanza kwenye soketi ninayojua ina moto, ndipo niende kwenye waya ninaotaka kuugusa, halafu nirudi tena kwenye ile soketi kuona kama testa yenyewe haikufia njiani. Kwenda, kuja na kurudi. Hiyo ni kazi pekee ambayo sijaitafutia njia ya mkato, na sina mpango.

Baada ya mambo ya pipi nikanunua redio. Ujanja wenyewe ni wa mafundi wa siku nyingi: chomeka redio kwenye soketi unayotaka kuizima, fungua sauti mpaka mwisho, nenda kwenye boksi ushushe breka moja moja. Redio ikinyamaza, umeipata. Haili pipi wala haikudanganyi. Yangu niliinunua Kariakoo, nyekundu, ya kuchomeka flashi, ina kelele kuliko umbo lake.

Siku ya kuizindua nilikuwa Mbagala kwa bibi mmoja mtaratibu sana, hatoki sebuleni bila tasbihi. Nikaichomeka chumba cha nyuma, taarabu ikasikika mpaka kwa jirani. Nikaenda kwenye boksi. Breka ya kwanza chini: taarabu. Ya pili: taarabu. Ya tano: taarabu. Nilipomaliza zote nane, mwimbaji alikuwa ndiyo kwanza anaingia kwenye mipasho. Nikashusha meni swichi. Friji ikanyamaza, feni ikasimama, nyumba nzima ikapoa. Taarabu ikaendelea, na nikaona kama sauti imepanda kidogo.

Nilisimama pale nimeshika kiuno. Nyumba haina umeme na soketi ina umeme. Nikatoka nje kutazama mita ya LUKU, nikaizunguka nyumba mara mbili nikitafuta waya unaopita pasipostahili, nikachungulia hadi nyuma ya banda la kuku. Polepole nikaanza kumtazama yule bibi kwa jicho jingine. Kumbe! Tasbihi mkononi, na umeme anauchepusha kabla haujafika kwenye mita! Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumweleza kwa heshima, kwamba bibi yangu, haya mambo yana faini, alipotokeza mlangoni.

"Mwanangu."

"Naam, bibi."

"Hiyo redio yako si ina betri? Ya mjukuu wangu iko hivyo hivyo."

Nilikwenda nikafungua kifuniko cha nyuma. Betri ilikuwepo, tena imejaa pomoni, kwa sababu tangu nilipoichomeka nilikuwa naichaji kwa umeme wa LUKU wa bibi. Mwizi katika nyumba ile alikuwa mmoja, na alikuwa mimi. Betri niliitoa hapo hapo, na toka siku hiyo redio ile ni saidia fundi kamili: umeme ukizima naye anazima.

Kazi ya kuokota vilivyoanguka nimeipa sumaku: nimeitoa kwenye spika mbovu, nimeifunga kamba, naishusha kutoka juu ya ngazi kama mvuvi wa Feri na kuopoa bisibisi iliyoanguka. Kabla ya hapo nilijaribu kuvifunga vifaa vyote kwenye mkanda kwa kamba zake, kila kimoja na yake. Kupanda nilipanda. Kushuka, plaizi ilipita kushoto mwa ngazi, tindo kulia, nyundo ikapita katikati, na mimi nikabaki nimening'inia kama samaki kwenye jarife mpaka muuza maji alipopita.

Msaidizi mwingine ni kufuli, na lina hadithi ndefu zaidi. Nilikuwa Kimara, nabadilisha soketi ya jikoni. Nilishusha breka, nikajaribu testa mara tatu kama kawaida yangu, nikaanza kufungua. Sebuleni, mama mwenye nyumba akaona runinga imezima na saa ya tamthilia imefika. Akaenda kwenye boksi, akakuta kidole kimoja kimelala na wenzake wamesimama, akakisimamisha. Simlaumu. Mtu yeyote mwenye utaratibu nyumbani kwake angekisimamisha.

Volti 230 hazipigi hodi. Nilichokumbuka baada ya hapo ni kwamba nimekaa ndani ya ungo wa mchele uliokuwa unachaguliwa, na punje nyingine ziko kwenye nywele. Mama akaja mbio.

"Jamani, fundi! Pole mwanangu! Kumbe hujamaliza?"

"Bado, mama."

"Mimi nilijua umeshaondoka. Mbona ulikuwa kimya?"

Swali hilo nimelifikiria sana. Nilikuwa kimya kwa sababu sikuwa na mtu wa kumfokea. Kumbe kelele zetu zote zile za "shika hapa" na "we' umelala?" zilikuwa kama king'ora: nyumba nzima ilijua mafundi wako kazini, hakuna aliyethubutu kugusa boksi. Kesho yake nikatafuta kile kibanio kidogo cha plastiki kinachobana kidole cha breka kikiwa chini, unakipitisha kufuli, unafunga, ufunguo unautia mfukoni. Tamthilia isubiri.

Ni kifaa kizuri kuliko vyote nilivyo navyo. Kasoro yake ni kwamba ufunguo unakaa mfukoni mwangu. Nilimaliza kazi Kigamboni jioni moja, nikalipwa, nikaaga, nikapanda kivuko narudi Ilala. Tuko katikati ya maji natafuta chenji ya karanga, vidole vikagusa kitu kidogo cha baridi. Sikuhitaji kukitoa. Simu ikaita wakati huo huo: "Fundi, samahani, hivi umetufungia umeme na kufuli?" Nilishuka upande wa Magogoni na abiria wengine, nikageuka, nikapanda kivuko kile kile. Muuza karanga alinitazama kama mtu aliyeona mambo.

Kuvuta waya peke yako kunawezekana, usisikilize wanaokataa. Ukilivuta roli la waya kwa pupa linajifunga mapindi, ndiyo maana zamani kijana alikaa upande wa pili akiulegeza waya na kuupaka sabuni. Mimi sasa napitisha mpini wa fagio katikati ya roli, naulaza juu ya migongo ya viti viwili, roli linazunguka lenyewe. Mdomo wa bomba naupaka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kiasi. Ukizidisha, waya unakuteleza mkononi kama kambale. Halafu naenda chumba cha tatu na kuvuta kwa raha zangu.

Siku moja waya ukagoma. Nikaweka mguu ukutani, nikavuta kwa bismillahi. Ukaja. Ulikuja kwa tabu, lakini ulikuja, na nilijisifu kwa sauti. Nilipokwenda sebuleni nilikuta fundo limekaza kwenye roli, na viti vyote viwili vimetembea chumba kizima mpaka ukutani, fagio limekwama katikati yao, na paka aliyekuwa amelala kwenye kimojawapo bado amelala. Siku hizi natanguliza matofali juu ya viti, baada ya kuomba ruhusa.

Kitu cha mwisho ni kamera ya simu. Kabla sijafungua chochote napiga picha, nijue waya gani ulitoka wapi, kwa sababu hakuna wa kunikumbusha. Mjini hapa utakuta nyumba ya zamani ina nyekundu ya moto na nyeusi ya nyutro, chumba kilichoongezwa juzi kina kahawia na bluu, na katikati ameingia fundi aliyetumia rangi iliyobaki. Nyumba moja Tabata nilifungua boksi nikashika kichwa. Nyekundu imegeuzwa nyutro, maungio yamefungwa kwa nailoni ya mkate. Nikapiga picha sita kwa ajili ya kuwachekesha wenzangu, kisha nikamwita mwenye nyumba.

"Mzee, hivi ni nani aliyewafanyia kazi hii?"

Akanitazama kwa muda.

"Ni wewe, fundi. Mwaka juzi, masika. Ulikuja na kijana mmoja anakula sana."

"Aah," nikasema. "Basi atakuwa ni yule kijana."

Mungu anisamehe. Lakini hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuna kazi yake moja ambayo Kariakoo nzima hawauzi kifaa chake. Redio huwezi kuisingizia. Na kuna nyingine: kila jioni, kabla hatujaondoka, alikuwa anaumwaga mkoba sakafuni na kutaja kimoja kimoja, plaizi, testa, tindo, hekso, pima maji, huku mimi nikimwambia aharakishe. "Bosi, nyundo haipo." Na kweli nyundo ilikuwa darini. Tangu aende kwenye bodaboda yake nimeshaacha ngazi Kimara (ngazi nzima, futi kumi, nikaondoka nayo haipo begani na nisishangae), grainda sijui wapi, na wiki iliyopita redio.

Siku hiyo nilifanya kazi nyumba tatu, zote Tabata. Nimepiga simu zote tatu na wote wamesema hawajaiona, ingawa kwa mmoja wao nilisikia taarabu nyuma ya sauti yake. Ni nyekundu, ina ufa kwenye kona ya juu, haina betri, umeme ukizima nayo inazima. Aliye nayo namwomba anishtue tu. Nitaifuata mwenyewe, sitauliza maswali, na nitamfungia soketi moja bure.