Mfanyakazi Bora Asiyepewa Cheti

Kila Mei Mosi ofisi zetu humtafuta mfanyakazi bora, zikampa cheti, bahasha na picha ya pamoja na mkurugenzi, na kila mwaka zinakosea mtu. Mimi ni fundi wa kompyuta wa kuitwa. Nimezunguka kwenye vyama vya kuweka na kukopa, maduka ya dawa na shule za binafsi, na kote huko nimemkuta mtumishi mmoja anayestahili cheti kuliko wote: databesi ya Access iliyoharibika. Naomba leo nimsemee, maana yeye mwenyewe ukimgusa hujibu tu kwamba muundo wa faili hautambuliki.

Wasifu wake ni mfupi. Access ilitolewa na Microsoft mwaka 1992, na maofisini iliingia kwa sababu ilikuwa kwenye furushi moja na Word na Excel. Hakuna aliyeiomba wala kikao kilichoipitisha. Karani mmoja mjanja alitengeneza jedwali la wanachama, mwenzake akaongeza la mikopo, na miaka ilivyokwenda chama kizima kikahamia ndani ya faili moja lisiloruhusiwa kuzidi gigabaiti 2. Maelezo ya kampuni yanasema watu 255 wanaweza kulitumia kwa wakati mmoja. Wasilijaribu hilo mbele yangu. Hapo katikati hakuna seva inayopokea maombi na kuyapanga. Kila kompyuta inanyoosha mkono kupitia waya na kuandika yenyewe, kama wapishi wa shughuli wenye sufuria moja na kila mmoja mwiko wake. Umeme ukikatika au waya ukichomoka mmoja akiwa bado anaandika, faili linabaki na nusu ya habari, na hapo ndipo mtumishi wetu anapozaliwa.

Fadhila zake ndogondogo nizipitie haraka. Hukuza ibada: sijapata kusikia dua ya dhati kama ya mhasibu anayesubiri faili lifunguke. Huwarudishia makarani mwandiko wao. Huwapa wanachama walioko kwenye foleni muda wa kuulizana habari za nyumbani, tena kwa kirefu.

Fadhila yake kuu, hata hivyo, ni usawa, na hapa naomba mnivumilie. Faili la Access limegawanywa katika kurasa za baiti 4096, na ukurasa mmoja hubeba kumbukumbu za watu kadhaa walioingizwa karibukaribu. Ukurasa ukiharibika, waliomo wote huondoka pamoja, bila kuulizana vyeo. Nimewahi kufungua jedwali la mikopo nikakuta mstari umeandikwa #Deleted kutoka mwanzo hadi mwisho, na chini yake mwingine, na mwingine. Orodha ya karatasi ilipoletwa, tukatambua waliokuwa wamelala pale: dereva, mama wa usafi, na mjumbe wa bodi ambaye kwa maisha yake yote hajawahi kupanga foleni. Kwenye ukurasa ule hakuna aliyempisha kiti.

Maelezo marefu nayo huhudumiwa kwa haki hiyohiyo. Pale ofisa mikopo alipoandika kwa nini mheshimiwa fulani alikopeshwa bila wadhamini, tulikuta mistari mitatu ya herufi zinazofanana kabisa na za Kichina. Sababu ni ya kiufundi tu: kiashiria kimeelekezwa pasipo pake, baiti za kitu kingine zikasomwa kama maandishi. Kamati ya mikopo ilizikodolea macho kwa heshima, na mjumbe mmoja akauliza kama chama kimepata mfadhili mpya.

Usawa huo unafika hadi kwenye daftari la mahudhurio. Databesi ikifunguliwa, pembeni yake huzaliwa kifaili kidogo chenye mwisho wa laccdb, ambacho huandika ni kompyuta zipi zimeingia. Kifungue kwa Notepad utayaona majina ya kompyuta, na mbele ya kila moja, kwa kawaida, mtumiaji yuleyule: Admin. Keshia ni Admin, meneja ni Admin, kijana wa mafunzo kwa vitendo ni Admin. Katiba ngapi zimeahidi jambo hilo na kulitimiza kwa kifaili kisichojaza hata kilobaiti chache?

Matibabu yake pia ni darasa. Kwanza unanakili faili kama lilivyo na kuliweka kando, ili ukiliua uwe na jingine la kuua. Kisha unatoa amri ya kubana na kukarabati, ambayo haikubali kuanza mpaka watu wote wawe wametoka ndani ya faili.

Ndugu zangu, sifa naomba niziweke pembeni kidogo. Nikisema tokeni, nina maana tokeni. Kulishusha dirisha chini ya skrini si kulifunga. Kuna dada mmoja sehemu fulani ambaye aliacha faili wazi, akafunga ofisi kwa ufunguo, akaenda kula, na simu akaiacha mezani. Tuliisikia ikiita ndani kila tulipompigia. Kuna kaka mwingine ambaye, kwa kunitii haraka, alichomoa kompyuta kwenye soketi. Alipoona uso wangu akauliza, "Fundi, kwani ni virusi?" Hapana, kaka. Virusi hawana vidole.

Tuendelee na pongezi. Ukarabati ukishindikana, unafungua databesi mpya tupu na kuhamishia majedwali moja baada ya jingine. Lile jedwali gonjwa unalivuta kwa mafungu kufuata namba za wanachama. Fungu likigoma unaligawa nusu, na nusu inayogoma unaigawa tena, mpaka unaufikia mstari wenyewe uliooza. Unauruka, unachukua waliobaki, kisha karani anauandika upya kutoka kwenye fomu. Kama fomu ipo.

Nikiri kwamba hata kampuni iliyomzaa mtumishi huyu imewahi kumsingizia. Novemba 2019 Microsoft ilitoa masasisho ya usalama, na ghafla Access ikaanza kutangaza kuwa amri fulani za kubadilisha data zimeharibika, ilhali zilikuwa nzima. Kosa lenyewe lina namba, 3340. Kampuni ikatamka hadharani kwamba masasisho yake ndiyo chanzo, ikaeleza namna ya kulikwepa tatizo, ikatoa marekebisho. Nalitaja kwa sababu sijaliona likitokea mtaani kwetu: mwenye kosa kusema ni langu, tena likiwa na namba.

Maana huku kwetu nikiinama chini ya meza hukuta mambo mengine. Kwenye chama kimoja nilikuta UPS, kile kifaa cha kushikilia umeme unapokatika, iliyolia kwa kukosa betri mpaka wakaizima kwa sababu ya kelele, na kwenye soketi yake limechomekwa birika la umeme la kuchemshia chai. Kompyuta yenye faili la wanachama wote ilikuwa imechomekwa ukutani moja kwa moja. Dokezo la kuomba betri lilikuwepo. Lilikuwa na sahihi za kutosha kuanzisha chama kingine, na maelezo ya mwisho yalisomeka "tuzungumze". Faili lilipokufa walizungumza, kikao kizima, na posho za kikao kile zingenunua betri na chenji ikabaki.

Nikauliza habari za nakala ya akiba. Nikajibiwa kwa fahari kwamba inafanywa kila jioni. Ni kweli. Kwa agizo la mkubwa mmoja aliyehofia kujaza diski, ilifanywa kila jioni kwa jina lilelile, juu ya ile ya jana, ndani ya kompyuta ileile. Faili likaharibika mchana. Jioni bovu likaandikwa juu ya zima, kwa utii kamili.

Ripoti ya kikao ilikuwa na sentensi moja: kulitokea tatizo la mfumo. Mfumo ni mtu mzuri sana. Hasaini, haitwi kujieleza, hakatwi mshahara, na hana ndugu wa kulalamika. Mama anayeuza mbogamboga sokoni anakuja kuchukua akiba yake ili alipe ada ya mtoto, anaambiwa mfumo umegoma, arudi Jumatatu. Jumatatu anaambiwa alete uthibitisho kwamba aliwahi kuweka.

Na hapo ule usawa niliousifu unakwisha, nami nafuta kauli. Ukurasa ulipoharibika ulimeza akiba na madeni bila upendeleo. Upendeleo ulianza baadaye, mezani. Waliofutiwa akiba walikuja wote, na stakabadhi zimekunjwa ndani ya khanga na pochi. Waliofutiwa madeni hajaja hata mmoja. Fomu ya dereva ilipatikana siku hiyohiyo, na makato yake yakaendelea mwisho wa mwezi. Fomu ya mjumbe wa bodi bado inatafutwa, na hakuna anayeonekana kuitafuta. Faili halikufanya hilo. Faili lilikosa umeme tu.

Basi msomaji, kwenye mkutano mkuu ujao wa chama chako, ukisomewa kwamba mfumo ulisumbua, nyoosha mkono. Uliza nakala ya juzi iko wapi, iko nje ya jengo au ndani ya kompyuta ileile, na nani kakabidhiwa kuitunza, kwa jina. Uliza mara ya mwisho ilijaribiwa kufunguliwa lini. Usikae chini mpaka majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Na stakabadhi zako za akiba, hata zikififia wino, usizitupe.